Mashine Iliuliza Jina

Ijumaa ile nilikuwa nimeshafunga droo ya bisibisi na kuvua koti la kazi wakati simu ya dukani ilipolia. Mukesh, mwenye duka, aliipokea, akasikiliza kidogo, kisha akaitoa sikioni na kuitazama kana kwamba imemuuma.

"Angwenyi," akaniambia, "wewe kwenda Ekerenyo, kwa mwalimu Ombui. Mama moja nalia kwa simu. Anasema gemu nakufa."

"Gemu?"

"Ndiyo, gemu. Lakini nalia kama mtu nafiwa."

Nilikasirika, sifichi. Nani hulia kwa sababu ya gemu? Mwaka huo wa tisini na sita, watu wa Kisii waliokuwa na kompyuta nyumbani walikuwa wa kuhesabika, na wengi wao walizifunika kitambaa cha kufuma wakaziangalia tu. Na Ijumaa kwetu Suneka haikuwa siku ya kuchelewa. Mama yangu alikuwa Msabato wa kweli. Jua likizama, chakula kimeshapikwa, maji yamechemshwa, na mwanawe wa pekee awe ameketi ndani ananukia sabuni. Ndevu nilikuwa nazo, lakini kwake hilo halikubadilisha kitu.

Haya. Nikatia disketi zangu mfukoni, na bisibisi, na kifutio cha penseli. Usicheke. Nusu ya mashine nilizofufua katika mji ule nilizifufua kwa kusugua meno ya kadi na kifutio.

Nilifika Ekerenyo jua likielekea kuzama. Mvua ya rasharasha. Majani ya chai yalikuwa yamerundikwa kwenye magunia pale kituo cha kuuzia, yakisubiri lori, na harufu yake mbichi imejaa barabara nzima. Niliuliza kwa mwalimu Ombui, nikaonyeshwa njia kati ya migomba.

Kilio nilikisikia kabla sijaiona nyumba.

Hakikuwa kilio cha mtoto mwenye njaa, kile cha hasira. Kilikuwa chembamba. Hakina nguvu. Kinaendelea tu, bila kupumzika, kama kitu kilichosahau namna ya kukoma...

Mlangoni alisimama mwanamke kijana, kanga mabegani, macho yamevimba. Kwamboka, mke wa Ombui. Hata salamu hakunipa.

"Wewe ndiye fundi? Ingia. Haki ya Mungu, ingia upesi."

Ndani kulinuka moshi na maziwa yaliyochacha. Kwenye kona, juu ya meza ya cherehani, kulikuwa na kompyuta. Karibu nayo alikaa bibi kizee, mama yake Ombui, akimpakata mtoto. Jamani, mtoto yule... Mikono kama vijiti. Ngozi ya utosi inaingia na kutoka. Mdomo wazi, na kile kilio kinatoka chenyewe.

"Hanyonyi," Kwamboka akasema. "Hospitali wamempima wakasema hana ugonjwa. Wakamtundikia maji, wakaturudisha. Kitu kimoja tu kinamnyamazisha. Muziki wa huo mchezo. Ukianza kulia, yeye ananyamaza. Akinyamaza, ananyonya."

"Na sasa?"

"Sasa mchezo unakufa, na yeye pia."

Nikajifanya nakagua mashine ili nisimtazame usoni. Na mashine ile nilikuwa naijua! Ilikuwa na mkwaruzo kwenye kifuniko na kitufe kimoja kimeng'oka. Ilikaa kwenye meza yangu pale dukani miezi mingi kabla Mukesh hajampata wa kumuuzia. Ni mimi niliyeiunga kwa vipande vya mashine mbili zilizokufa. Hata huo mchezo ni mimi niliyeuingiza, na nilikuwa nikiucheza saa za chakula, mandazi mkono mmoja. Kijitu kidogo chenye taa kichwani kinachimba chini ya ardhi, kinateremka, kinatafuta vito. Muziki wake ni wa spika ya ndani, ile inayolia kama mbu aliyefundishwa kuimba.

"Nani aliuanzisha mara ya kwanza?" nikauliza.

"Baba mtoto. Alibonyeza bonyeza tu, ukaanza, mtoto akanyamaza. Tulishangilia! Kisha akarudi Nairobi kwenye mafunzo ya walimu. Kesho yake nikauanzisha mimi. Kulikuwa na mahali pa jina. Jina lilikuwepo, nikalifuta, nikaandika la mtoto wangu. Ukaganda."

"Lilikuwa jina gani?"

"Sikusoma. Mtoto alikuwa analia."

"Haina neno," nikasema kwa kiburi changu. "Jina halina kazi. Hata ukiandika Sukuma Wiki, mchezo utaenda. Hii ni shida ya memori."

Nikaiwasha. Ikahema, ikakohoa, ikapanda. Harufu ya vumbi linaloungua. Mchezo ukafunguka, kile kisanduku cheusi kikatokea, mstari mdogo unametameta ukisubiri jina.

Bibi akainua kichwa. "Inauliza nini?"

"Inauliza wewe ni nani, nyanya."

"Hata sisi tunamuuliza hivyo," akasema, akamtazama mtoto.

Nilimwelewa, maana mimi ni wa huko huko. Mtoto akilia bila sababu, wazee husema anadai jina. Kuna mzee wa ukoo aliyekufa anataka kuitwa. Basi huitwa majina ya marehemu, moja baada ya jingine, mpaka mtoto anyamaze. Atakaponyamaza, ndiye huyo. Mimi mwenyewe nilipewa jina kwa njia hiyo. Hadithi hiyo Mama aliipenda kuliko zote, kila mgeni lazima aisikie. Nililia mpaka majirani wakahama kulala kwingine, mpaka akaniita kwa jina la baba yake aliyekufa. "Nilipokuita Angwenyi," alikuwa akisema, "ulinyamaza, ukanitazama kama mtu aliyefika kwake."

Kumbe wanawake wale wawili walikuwa wameyachanganya. Bibi anataja jina la marehemu sikioni mwa mtoto, Kwamboka analiandika kwenye mashine.

"Ogari," bibi akanong'ona.

Kwamboka akaandika kwa kidole kimoja. Akabonyeza.

Tiiiiiiiii...

Skrini ikaganda. Sauti moja imekwama, haipandi wala haishuki. Na mtoto, pale pale, akapandisha kilio chake kikalingana nayo. Sauti mbili zikawa moja. Nywele zangu zilisimama, lakini nikaizima mashine nikajitia kukuna shingo.

"Ogari amekataa," bibi akasema.

"Hakuna aliyekataa, nyanya. Ni memori."

Nikaanza kazi. Niliiwasha kwa disketi yangu ili isibebe mizigo isiyo na maana. Nikapunguza mwendo wake. Kila nikimaliza, Kwamboka anainama mbele yangu, bibi anataja jina lingine. Manasseh. Tiiiiiii... Nikafungua kifuniko, nikang'oa vipande vya memori, nikasugua meno yake na kifutio, nikarudisha. Jina lingine. Tiiiiiii... Nikabadilisha waya. Nikapuliza vumbi. Nikaomba, nakuambia kweli, mimi niliyekuwa nasinzia kanisani, niliomba pale chini ya meza nikiwa na bisibisi mdomoni. Kila jina la ukoo ule lilipita kwenye mashine ile na kila moja likatemwa.

Nje giza lilikuwa linaingia. Kilio kikaanza kukatika. Kinasimama... kinarudi... kinasimama tena, kirefu zaidi. Kwamboka akaweka mkono mdomoni.

Bibi akaniinamia. Pumzi yake ilinuka tumbaku.

"Kijana. Majirani wameanza kupita hapa bila kusalimu. Wanasema ni mimi ninayemla mtoto kwa uchawi. Akifa, hii nyumba wataiwasha na mimi ndani."

Wakati ule kwetu hayo hayakuwa maneno ya kutishana. Sote tulijua wazee waliochomwa. Nilimtazama, bado amempakata yule mtoto, na nikaona aibu kwa kiburi nilichoingia nacho.

"Hebu sogeeni," nikasema. "Wacheni niijaribu mwenyewe, bila majina ya mtu."

Nikakaa. Kisanduku cheusi. Mstari unametameta. Fundi akijaribu mashine huandika kinachomjia kwanza, na vidole vyangu viliandika vilichozoea kuandika. Sikufikiri. Nikabonyeza.

Muziki ukaanza.

Ule wa mbu. Kijitu kikatokea, taa kichwani, kikaanza kuchimba.

Na mtoto akanyamaza.

Nilisikia matone ya mvua yakidondoka kwenye migomba. Kisha nikasikia sauti ndogo ya kufyonza, na Kwamboka akilia chini kwa chini, titi lake mdomoni mwa mtoto. Nikageuka. Mtoto alikuwa ananyonya. Lakini hakuwa anamtazama mama yake. Alikuwa ananitazama mimi, macho makavu, ametulia... kama mtu aliyefika kwake.

"Umeandika nani?" bibi akanong'ona.

"Angwenyi," nikasema.

"Ni nani kwenu?"

"Ni mimi."

Bibi alirudi nyuma. Akanishika kifundo cha mkono, akabonyeza pale mshipa unapopiga, akasubiri. Alikuwa anahakikisha kama niko hai. Sijawahi kusahau vidole vile.

"Na kabla yako?"

"Babu yangu, baba yake Mama. Alikufa kabla sijazaliwa."

Akashusha pumzi. Akateremka kutoka kwenye kigoda, mwanamke wa umri ule, akapiga magoti mbele yangu.

"Tupe," akasema. "Tupe tumwite hilo. Lakini lazima wewe mwenyewe useme."

Kwamboka alinitazama tu, na mtoto ananyonya. Wewe ungefanya nini? Nilicheka ili nisilie.

"Chukueni, nyanya. Jina si shamba. Haliishi likigawanywa."

"Angwenyi," bibi akamwambia mtoto sikioni.

Nilihisi baridi kidogo kwenye utosi, kama mtu aliyevuliwa kofia. Nikatazama skrini. Hakuna aliyekuwa ameshika kibodi. Kijitu kilikuwa kinateremka chenyewe, kinachimba, kinateremka... mpaka chini kabisa, kwenye mlango ambao miezi yote ya mandazi sikuwahi kuufikia. Kikaingia. Nilijiambia kuna michezo inayojichezea yenyewe ikiachwa, nikakusanya vifaa vyangu nikaondoka bila kunywa chai yao.

Nyumbani Suneka nilifika Sabato imeshaingia. Nikagonga.

"Nani?" Mama akauliza kutoka ndani.

"Mimi, Mama."

"Wewe nani?"

"Angwenyi."

Komeo likavutwa. Mama akainua taa ya chemni mpaka karibu na uso wangu, akanitazama... akanitazama... Nilisubiri anigombeze. Niliomba anigombeze!

"Ingia basi, mvua itakunyeshea," akasema.

Akanipa kiti cha wageni. Akaniletea chai katika kikombe chenye maua, kile cha mchungaji.

Daktari alisema ni presha, mshipa fulani wa kichwani umeguswa, umri unakula kumbukumbu. Sawa. Lakini Mama alikumbuka nambari ya kila wimbo kitabuni. Alikumbuka ng'ombe wote aliowahi kukamua na tabia zao. Aliwatambua majirani kwa kikohozi. Ni mimi peke yangu ambaye hakunitambua, akawa ananiita "kijana". Alinipikia, alinifulia, alinishukuru nikichota maji. Na jioni alikaa mlangoni akitazama barabara. Nikimuuliza anamngoja nani, alisema, "Mwanangu. Amekwenda kazini."

Nilirudi Ekerenyo. Nilivumilia muda, kisha nikarudi.

Mtoto alikuwa amenenepa, mashavu kama maandazi, anatambaa. Bibi alikuwa anaanika mahindi uani na majirani wanamsalimia. Niliwaeleza yote, nikiwa na aibu, mtu mzima naomba nirudishiwe jina. Kwamboka hakubisha. Alimwinua mtoto, akafumba macho, akamwita kwa jina lake la kuzaliwa.

Mtoto akaachia mdomo wazi. Pumzi ikaingia, haikutoka. Midomo ikaanza kuwa ya kijivu.

"Mwite!" nikapiga kelele mimi mwenyewe. "Mwite Angwenyi! Angwenyi! Angwenyi!"

Akapumua. Akacheka. Nikaketi chini kwenye mahindi nikalia mbele yao, na bibi akanishika kichwa.

Siku hiyo niliifungua mashine nikaipekua. Nitakueleza nilichokiona, kwa sababu mimi ni fundi na fundi hueleza. Diski ilikuwa imeoza sehemu. Mchezo ukijaribu kuandika mchezaji mpya unaangukia pale palipooza, unaganda. Lakini mchezaji wa zamani alikuwa amehifadhiwa mahali pazima, na huyo ni mimi, kutoka zile saa za chakula. Ndilo jina ambalo Kwamboka alilifuta bila kulisoma. Ukiliandika tena, mchezo unaenda. Basi! Mambo yote yanaeleweka. Memori, diski, mshipa wa kichwani. Nililala na maelezo hayo miezi mingi, na kila asubuhi mama yangu aliniamkia kama unavyomwamkia mpangaji.

Kisha Mama akaanguka. Hakuinuka tena. Mchungaji alikuja akaomba, akaondoka akitikisa kichwa. Nilikaa kando ya kitanda nikiwa nimeshika mkono wake. Maji hataki. Uji hataki. "Mwanangu amefika?" anauliza. "Niko hapa, Mama," namwambia. Ananipigapiga mkono kwa upole, kama unavyomfariji mtoto wa mwenzako.

Jua lilikuwa linazama. Ijumaa. Nikasikia kilio kwa mbali, barabarani.

Chembamba. Hakipumziki. Kinakaribia...

Nilikijua. Nilitamani kuufunga mlango, badala yake nikatoka nje.

Kwamboka aliingia uani mwetu amelowa jasho, mtoto mgongoni. "Nisamehe," akasema akihema. "Amelia tangu asubuhi. Mchezo unalia vizuri, lakini hataki. Titi hataki. Anatambaa mlangoni, anakwangua. Nikaenda dukani, Mukesh akanielekeza huku. Sijui kwa nini nimekuja. Miguu tu."

Kabla sijajibu, sauti ya Mama ikatoka chumbani. Sauti yake ya zamani, ya kugombeza.

"Angwenyi analia! Mbona mnamwacha Angwenyi analia?"

Jina hilo sikuwa nimelisikia mdomoni mwake tangu usiku ule wa taa. Nilikimbia. Nilipiga magoti kando ya kitanda, nikashika mikono yake yote miwili. "Mama! Mama, ni mimi, niko hapa!"

Akaivuta mikono yake polepole kutoka kwenye yangu, akainyoosha kuelekea mlangoni.

Kwamboka alinitazama. Nilimwona anauliza kwa macho, na mimi, Mungu anajua, nikaitikia kwa kichwa kwamba sawa. Ningemnyima vipi mama yangu? Akamlaza mtoto kifuani pa Mama. Mtoto akanyamaza. Akauinua uso wake mdogo akamtazama Mama, na Mama akanusa utosi wake, akafumba macho, akacheka kicheko ambacho nilikuwa nakijua tangu utotoni.

"Umechelewa," akamwambia. "Sabato inaingia, na wewe uko njiani tu."

Nililia kwa sauti. Hapo akanigeukia. Akanitazama kwa huruma, akanigusa shavu kwa ncha za vidole.

"Asante kwa kumlinda, kijana," akasema. "Sasa nenda kwenu. Giza linaingia, mama yako atakuwa anakungoja."